Dansa Naye ni Mwanamichezo: Hoja Kutoka Mpakani Tunduma

Chukua vijana wawili wa Tunduma. Mmoja anakimbia mita 1,500, mwingine anacheza dansi katika kundi la mtaani kwao Sogea. Wote wawili wanatoka jasho katika baridi ya mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wote wana mtu anayewafundisha, wote wanalala na misuli inayouma. Mbele ya serikali, hata hivyo, ni watoto wa nyumba mbili. Mkimbiaji ni wa Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967. Dansa ni wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Mkimbiaji akishinda wilayani anajua kuna mkoa, na baada ya mkoa kuna taifa. Dansa akishinda, anasubiri mpaka mtu mwenye spika kubwa na mfadhili aandae shindano jingine.

Mabaraza hayo yako chini ya wizara moja, na ngazi ya halmashauri utamaduni, sanaa na michezo vimewekwa katika kitengo kimoja. Kwa hiyo ninachokitetea hapa hakidai ofisi mpya. Dansi inayochezwa kwa kushindana, iwe ya mtaani, ya ukumbini au ya asili, itambuliwe kuwa mchezo, na wachezaji wake wapate wanachopata wanamichezo wengine: mwalimu aliyesomea kazi hiyo, tabibu, uwanja, kalenda na ngazi ya kupandia. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ni mahali pazuri pa kuanzia, na sababu zake ni za kihistoria zaidi ya za kiuchumi.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo wapinzani wanapokimbilia kwanza. Wanasema dansi ni starehe. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Australia, Blanksby na Reidy, walichapisha katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo matokeo ya kuwapima wachezaji wa dansi za ukumbini waliocheza kama wako mashindanoni. Mapigo ya moyo ya wanaume kwa wanawake yalipanda hadi kukaribia au kuzidi 170 kwa dakika. Mtu mzima aliyekaa kitako huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Waltz na chacha, ambazo wengi wetu tunazihesabu kuwa za wazee waliovaa suti, zinausukuma moyo mpaka mahali ambapo mchezaji wa soka hufika anapofukuzia mpira. Na hizo ni dansi za sakafu laini, zisizo na njuga miguuni. Anayecheza ngoma kwa saa nzima juani, juu ya udongo mkavu, amefungwa njuga na wakati huohuo anaimba, hajapimwa na mtu, lakini sidhani kama kuna daktari atakayemwita mtu aliyepumzika.

Wanaoumia wanathibitisha jambo hilohilo kwa njia ya uchungu. Kifundo cha mguu, goti na kiuno ndivyo vinavyowasumbua madansa popote duniani, na kwetu vinasumbua zaidi kwa sababu mazoezi hufanyika juu ya saruji tupu, bila kupasha mwili moto, bila mtu wa kumwambia kijana kwamba goti lililovimba halitakiwi kurukiwa tena kesho. Mchezaji wa mpira wa daraja la chini kabisa akianguka, kuna mtu anayeingia uwanjani na mkoba wa huduma ya kwanza. Dansa akianguka jukwaani, watu hucheka, kisha muziki huendelea.

Bado, jasho peke yake halitoshi kufanya jambo liwe mchezo. Kubeba magunia ya mahindi pale Custom, kwenye forodha ya mpakani, ni kazi ngumu kuliko michezo mingi, na hakuna anayeiita mchezo. Mchezo unadai pia ujuzi unaofundishwa, kanuni zinazokubaliwa na pande zote, na namna ya kumjua mshindi. Katika haya matatu, Afrika Mashariki haina cha kujifunza kutoka kwa mtu. Inachohitaji ni kukumbuka.

Nenda Usukumani. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake inahusishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi vya pande hizi hukutana uwanja mmoja, siku moja, na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, na kuhama kwao ndiko kupiga kura. Ili wasihamwe, wachezaji walibuni kila mwaka: Bagalu na Bagika wakaleta nyoka, wakaleta majembe yanayorushwa hewani na kudakwa, wakaleta sarakasi na vinyago. Kule Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo inayofanyika kila Juni bado inawakutanisha. Timu zenye mashabiki wa kurithi, msimu unaofuata kalenda ya kilimo, kanuni ya ushindi ambayo hata mtoto anaielewa: ukiyaondoa maneno "ngoma ya asili" katika maelezo hayo, msomaji atadhani unaongelea ligi.

Pwani nako hali ilikuwa hiyo. Wanawake wa Mombasa katika karne iliyopita walishindana kwa lelemama kupitia vyama kama Banu Saada na Ibinaal Watan, na ushindani ule uligharimu fedha, mavazi na miezi ya matayarisho. Beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za jeshi, ilikuja kugawa miji ya Tanganyika baina ya Marini na Arinoti, kila upande na wafalme wake, majenerali wake na gwaride lake. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na kinachomgusa msomaji ni jinsi wachezaji walivyolichukulia shindano kwa uzito. Watu wa Kilwa, Tanga na Dar es Salaam walijua timu yao kama vijana wa leo wanavyojua Simba na Yanga.

Hapa ndipo Songwe inapoingia, tena kwa mlango mkubwa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa mpakani hapahapa. Boma la Waingereza la Fife, upande wa pili wa mpaka jirani na Tunduma ya leo, lilishambuliwa katika vita hiyo. Maelfu ya askari na wapagazi walipita nchi hii, na vita ilipokwisha walirudi makwao na beni vichwani. Ngoma ile ikabadilika kila ilikotua. Kaskazini ya Nyasaland, Malawi ya leo, ikawa malipenga, inayochezwa kwa vibuyu vyenye utando vinavyolia kama tarumbeta, na kila kikundi kinaitwa boma, na boma moja hualika boma la kijiji kingine kuja kupimana. Mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wetu, ikawa mganda wa wanaume, na wanawake wakawa na kioda yao. Kule migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, ikachangia kuzaa kalela, ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiona Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wacheza kalela walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wakawa na "mfalme" wao, "daktari" wao na "nesi" wao, wakacheza Jumapili mbele ya umati.

Vijana wa kusini-magharibi mwa Tanganyika walikuwa katika umati ule. Kutoka Rungwe, Ileje na Mbozi walikwenda kutafuta kazi migodini, wengine mpaka Afrika Kusini, na waliporudi walirudi na mitindo. Njia hiyo bado ina wapitaji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inavuka mpaka hapa kuelekea Kapiri Mposhi. Barabara ya Zambia imejaa malori yanayokwenda Lusaka na Lubumbashi, na foleni zake zinaposimama, redio za madereva hazisimami. Ndombolo ilifika hapa kwa barabara hii kutoka Kongo, amapiano imepanda kutoka Afrika Kusini, bongo fleva na singeli zimeshuka kutoka Dar es Salaam. Ileje, Wandali wana ing'oma wanayoicheza sawa na jirani zao Wanyakyusa. Mbozi kuna Wanyiha, Momba na Tunduma kuna Wanyamwanga, ambao wana ndugu zao wa damu upande wa Nakonde, Zambia. Mtoto anayekulia Tunduma husikia namna nyingi za kupokea mdundo kabla hajamaliza darasa la saba. Katika riadha tungeita hicho kipaji cha mazingira, na tungeleta makocha kukitafuta.

Kwa nini basi jambo lililo wazi namna hii halikuwekwa kwenye michezo tangu mwanzo? Jibu langu ni kwamba tuliitetea ngoma kwa upande mmoja tukaisahau kwa mwingine. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge Desemba 1962, akitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba wasomi wetu walifundishwa rumba na waltz huku wengi hawajacheza wala kusikia habari za gombe sugu, mangala au lelemama. Alikuwa na haki kabisa. Ngoma ilikuwa imetukanwa na wamisionari na kudharauliwa na wakoloni, na ilihitaji kurudishiwa heshima. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa. Mashirika ya umma yakawa na vikundi vyake. Lakini katika kuheshimiwa huko ngoma ikawa kitu cha kuonyeshwa. Ikaitwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni, ikaitwa kwenye Mwenge na uzinduzi wa zahanati, ikapewa dakika kumi kabla ya hotuba. Kile kilichokuwa injini yake, yaani kikundi cha kijiji hiki kwenda kukishinda kikundi cha kijiji kile, kikakosa mlezi. Ngoma isiyoshindana hurudia mtindo uleule kila mwaka, kwa sababu hakuna wa kuihama.

Cha ajabu ni kwamba serikali yenyewe imekubali nusu ya hoja hii. Katika mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, ngoma na kwaya zimekuwa zikishindaniwa kama fani za ndani sambamba na soka, netiboli na riadha. Mtoto wa Vwawa anayecheza ngoma anaweza kupanda basi lilelile na mrusha mkuki, kulala kambi ileile na kurudi na kikombe. Siku anayomaliza shule, mrusha mkuki anabaki na chama cha riadha cha mkoa. Mcheza ngoma anabaki na kumbukumbu. Sioni sababu yoyote ya kielimu au ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo.

Hoja nzito ya wapinzani ni ya waamuzi. Wanauliza dansi itapimwaje, wakati kila mtu ana ladha yake. Swali ni la haki, na lina majibu ya muda mrefu. Jimnastiki imo katika Olimpiki tangu ile ya kwanza ya kisasa mwaka 1896, na mshindi wake hutolewa na majaji. Ndondi, inayopendwa sana Tanzania, huamuliwa kwa kadi za majaji kila mara raundi zote zinapokwisha bila mtu kushindwa kuendelea. Dansi ya kwenye barafu imekuwamo katika Olimpiki ya majira ya baridi tangu 1976. Kwa hiyo ni karibu nusu karne sasa ambapo dansi imepewa medali, ilimradi mchezaji amevaa viatu vyenye chuma. Shirikisho la dunia la dansi ya michezo lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1997. Kenya nayo imekuwa na tamasha la muziki la kitaifa tangu 1927, na vizazi vya wanafunzi wake wamepewa alama za ngoma za jadi na waamuzi wanaotakiwa kueleza mbele ya watu kwa nini wametoa alama hizo.

Paris 2024 ilikwenda hatua moja zaidi. Tarehe 9 na 10 Agosti, uwanja wa Place de la Concorde, breki dansi ilichezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Majaji tisa walipima mambo matano: ufundi, upana wa mitindo, utekelezaji, kuusikiliza muziki, na ubunifu wa mtu mwenyewe. Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada walichukua dhahabu. Wengi wanaikumbuka zaidi Raygun wa Australia, ambaye hakupata kura hata moja katika mapambano yake matatu, na dunia ikamcheka. Mimi naliona tukio hilo kwa namna nyingine. Kama upimaji ungekuwa ladha tupu, ingekuwa vigumu majaji tisa wa nchi tofauti kukubaliana mara tatu mfululizo. Walikubaliana kwa sababu mchezo una vipimo, na aliyevijua alionekana, na asiyevifikia alionekana pia.

Paris ina somo jingine, chungu zaidi. Breki dansi haimo katika ratiba ya Los Angeles 2028. Na kabla ya hapo, wacheza breki wengi walilalamika kwamba mchezo waliouanzisha vijana weusi na Walatino wa Bronx ulipelekwa Olimpiki na shirikisho lililokulia kwenye dansi za ukumbini. Kutambuliwa kulikuja na mwenye nyumba mpya. Hofu hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na inatuhusu moja kwa moja. Kama kesho kitasajiliwa chama cha dansi ya michezo kinachoongozwa na watu wasiowahi kuketi na wazee wa ing'oma Ileje, kanuni zitakazotoka zitampa alama anayeruka juu zaidi, na ing'oma itageuka sarakasi ndani ya miaka mitano. Kanuni za kila ngoma ziandikwe na wenye ngoma, kwa lugha yao kwanza. Wandali waseme nini kwao ni kucheza vizuri na nini ni kuchemka. Wanyiha vilevile. Vijana wa dansi za mtaani nao waseme yao, wao ambao mashindano ya televisheni kama Dance 100% ya EATV yaliwaonjesha kuchuana mbele ya majaji, japo shindano la televisheni ni la mwenye televisheni na linategemea mdhamini.

Pia si kila ngoma iingizwe. Ngoma za msiba, za unyago na za matambiko zina kazi nyingine, na kumpa mtu alama kwa namna alivyomlilia marehemu ni kumkosea yeye na marehemu. Mstari huo si mgumu kuchora kama watu wanavyodhani. Jamii zetu zimekuwa zikiuchora siku zote: kila mzee anajua ngoma ya kushindana ni ipi na isiyoguswa ni ipi.

Wazazi wana wasiwasi wao, na haufai kupuuzwa. Ukimwambia mama wa Tunduma kwamba bintiye anakwenda mazoezi ya dansi, anachokiona ni kigodoro, baa za mpakani zinazokesha na madereva wenye fedha. Mji wenye watu zaidi ya 200,000, pamoja na wapita njia wengi, una hatari zake za kweli kwa wasichana. Lakini hatari hizo zinakua pale dansi inapoachiwa baa. Mchezo uliosajiliwa una rika lililowekwa, vazi lililokubaliwa, saa za mazoezi, mwalimu anayejulikana kwa jina na chama kinachoweza kumfungia akikosea. Netiboli iliwapa wasichana wetu ulinzi wa aina hiyo, na hakuna mzazi leo anayeona aibu binti yake kuvaa sketi ya netiboli. Wale wasiofaa kwa urefu au kasi ya netiboli, na wale wenye ulemavu, wanastahili uwanja wao. Duniani dansi ya viti vya magurudumu ina mashindano yake ya dunia.

Kutambuliwa hakuleti fedha siku hiyohiyo. Tanzania ina michezo kadhaa iliyosajiliwa ambayo viongozi wake huchangishana nauli. Kinacholetwa na usajili ni haki ya kudai: kudai uwanja wa shule jioni, kudai jina kwenye bajeti ya halmashauri, kudai nafasi katika mafunzo ya walimu wa michezo, kupeleka timu nje ya nchi kwa barua ya BMT. BASATA isiachwe nje. Kikundi kinapotumbuiza harusini ni cha sanaa, kinapoingia uwanjani kushindana ni cha michezo, na mwanamuziki anayeandika wimbo wa kuchezea analindwa na sheria za sanaa kama ilivyo sasa. Uganda imeonyesha kwamba hata kabla ya serikali kuamua, msingi unaweza kuwekwa: Breakdance Project Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Abramz Tekya, imekuwa ikiwafundisha vijana bure, na aliyefundishwa anamfundisha mwingine.

Kwa Songwe, hatua ya kwanza ni ya mkoa wenyewe na haihitaji kusubiri Dodoma. Mvua hapa hukoma karibu na Mei. Mahindi yakishavunwa na kahawa ya Mbozi ikiwa inachumwa, kuanzia Julai hadi Oktoba vijana wana nafasi na fedha kidogo mkononi, na ndio msimu ambao ngoma zimekuwa zikichezwa tangu zamani. Wilaya nne, Mbozi, Ileje, Momba na Songwe, pamoja na mji wa Tunduma, zinatosha kwa ligi ya madaraja mawili, moja la ngoma za asili na jingine la dansi za mtaani. Kufika Nakonde ni kutembea tu. Maboma ya malipenga ya Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, yamezoea kualikwa, na kuwapokea kunataka barua kutoka ofisi ya utamaduni, mahali pa kulala, na maji ya kutosha uwanjani.